Karatasi ya Ishirini na Saba

Dukani kwa Bi Batul, Ngamiani, mteja hakupimiwa bizari mpaka ategewe kitendawili. Aliyejua jibu aliongezewa kijiko. Asiyejua alitoa mji, kama ada ilivyo, naye akapimiwa vilevile. Kwa biashara ya namna hiyo, kufikia mwaka 1984 Bi Batul alikuwa amekwisha kupewa miji yote ya mkoa wa Tanga, na Mombasa amepewa mara mbili. Mumewe, Bwana Kassamali, alikuwa akisema mke wake ana nchi nzima lakini hana kipande cha sabuni ya kufulia.

Na sabuni ilikuwa haipo kweli. Huo ulikuwa mwaka wa foleni. Tangu alfajiri watu walipanga mawe, ndala na vikapu mbele ya duka la ushirika kushika nafasi zao, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai isiyo na sukari. Viungo havikukosekana, kwa kuwa hiliki, mdalasini na pilipili manga viliteremka kutoka milima ya Amani kama kawaida. Kilichokosekana ni karatasi ya kufungia. Gazeti moja lilisomwa na nyumba sita, likifika dukani limekwisha kuwa vitambaa. Ndipo Bwana Kassamali alipokwenda kwenye shamba moja la mkonge lililofungwa, akarudi na gunia zima la karatasi kuukuu: orodha za mahudhurio ya wakata mkonge, ndogondogo, upande mmoja majina, upande wa pili peupe. Akaligawa gunia mafungu mawili. Nusu ya dukani, nusu ya Masuma.

Masuma alikuwa binti yao wa pekee. Alisoma mambo ya mawe mpaka chuo kikuu, akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ndogo ya utafiti yenye meza mbili na feni isiyozunguka. Kila siku alipanda baiskeli mpaka kwenye bonde la mto, mwendo wa saa nzima, ambako mawe yamelala tabaka juu ya tabaka kama chapati za maji. Akilibandua moja, ndani anakuta viumbe waliokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuwapa majina: samaki wa magamba mazito, mijusi ya majini, vikamba vidogo kuliko punje ya mchele. Wasomi wanaviita visukuku. Wengine katika kazi hiyo hutafuta mifupa mikubwa ya kuwekwa makumbusho. Masuma alitafuta kitu kingine. Alitaka kujua nani kakutwa na nani. Kila jiwe alilipa karatasi yake moja, akachora kwa penseli wote waliolala pamoja humo.

Ofisini mwake walikuwepo waliomwona anapoteza wakati, lakini Bi Batul alimwelewa siku ya kwanza tu alipoelezwa. Kwao Mabohora chakula huliwa kwenye sinia moja kubwa, watu wanane wameizunguka, wakianza kwa kuonja chumvi. Na mwanamke mwenye macho, akitazama katika shughuli nani kakaa sinia ya nani, atajua habari za mji mzima bila kuuliza neno. Kwa hiyo alimtegea bintiye kitendawili alichokitunga mwenyewe: wamekaa sinia moja tangu dunia changa, hakuna aliyeshiba, hakuna aliyenyanyuka. Masuma alicheka mpaka akapaliwa na chai. Alijua jibu, lakini alijifanya hajui ili ampe mama yake mji.

Mwezi wa tatu mwaka ule Masuma alikuwa na karatasi sitini na tatu, kwa mawe sitini na tatu, na moja ya juu yenye orodha yao. Jiwe la ishirini na saba, la katikati kabisa ya bonde, alilichora akitetemeka kwa homa ya malaria, akarudi nyumbani amebebwa kwenye baiskeli ya mtu, na alipopona hakukumbuka alichokichora. Hakujali. Karatasi ipo, akasema, itanikumbusha. Akaziweka zote mezani nyuma ya duka, zimelala kifudifudi kama alivyozoea, akaenda Dar es Salaam kutafuta dawa ya kuhifadhia mawe, maana mawe yale ni laini, na mvua ikiyapiga yanarudi kuwa tope.

Wiki hiyohiyo fungu la dukani likaisha.

Bi Batul alikuwa na sheria yake katika kufungia. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu haifungiwi kitu, isije ikawa na jina la Mungu likaishia jalalani. Vivyo hivyo yenye namba 786 kichwani, ambayo watu wengi wa kwao huiandika badala ya Bismillahi. Basi kila fungu jipya alilipitisha kwenye kidole gumba, akitazama vichwa vya karatasi huku na huku. Miwani yake ilivunjika tangu mwezi wa Ramadhani na kioo cha kubadilisha hakikupatikana Tanga nzima, kwa hiyo vichwa alivitazama kwa kuvisogeza mpaka puani. Katika fungu lililokuwa mezani, alilodhani ni akiba ya Masuma isiyochorwa kitu, ya juu kabisa ilikuwa na 786. Akaibusu, akaiweka kwenye rafu pamoja na vitabu vya sala. Zilizofuata zilikuwa na namba tu: moja, mbili, tatu. Upande wa pili, majina ya wakata mkonge. Michoro ya penseli, iliyokuwa hafifu kama mstari wa maziwa kwenye glasi, hakuiona hata mmoja. Akazikunja zote sitini na tatu kwa umbo la pia, upande mweupe ndani, akazijaza viungo, na kwa siku sita akaziuza.

Masuma alirudi Jumapili mikono mitupu. Mvua ilikuwa imeanza Jumatano. Kule bondeni mawe yalikuwa yamekwisha kulainika yakachukuliwa na maji. Akaja nyumbani anajifariji kwamba karatasi zipo. Alipouliza ziko wapi, mama yake alielewa kabla hajamaliza kuuliza, akaketi juu ya gunia la kunde.

Laiti Masuma angegomba. Hakugomba. Aliichukua ile karatasi moja kutoka kwenye rafu, yenye orodha ya mawe na mahali yalipopatikana na si zaidi, akaitazama mbele na nyuma.

"Mama," alisema, "umeuza bahari nzima kwa vijiko."

Usiku huo Bi Batul hakula. Asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alifunga duka siku ya kazi. Akaishusha ile sinia kubwa ya shughuli, akaiweka sakafuni pamoja na bakuli la dengu, akamwita Masuma akae. Kila punje ya dengu, akasema, ni mteja. Wa bizari hawa huku, wa pilipili manga hawa hapa, wa uzile kule ukingoni. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya nani kanunua nini, siku gani, na alikuwa anapika nini. Zaidi ya hapo, alijua nani akinunua anamgawia nani. Hapo akachukua uzi wa kusukia kofia, ule mweupe wa kofia za Kibohora, akaulaza kutoka punje hadi punje. Gadi wa treni, Bwana Zebedayo, alichukua pakiti nne, na anazishusha Pongwe, Muheza na Korogwe kwa ndugu zake. Dorkasi, mke wa mkata mkonge mmoja, Mlutheri muuza maandazi, alichukua moja tu, lakini huyo anajuana na kila mwanamke wa kila foleni. Ilipofika adhuhuri sinia yote ilikuwa na utando, na Masuma alikuwa ameacha kuitazama kama mtu aliyefiwa. Alikuwa anaitazama kama jiwe.

Karatasi zikaanza kurudi. Bwana Zebedayo alikwenda na treni akarudi na kumi na moja, nyingine zisizokuwa zake, kila moja ikinuka jiko lake. Dorkasi alizikusanya kwa namna yake. Alikwenda kwenye foleni ya sukari, akatangaza kwamba mtoto wa Mama Masuma atafukuzwa kazi kwa sababu ya makaratasi ya bizari, na mwenye nayo asiyatie motoni. Hakuna aliyesema atafukuzwa kazi, lakini Dorkasi aliona habari ikikosa chumvi haitembei. Wanawake waliipeleka mpaka Tongoni.

Katikati ya wiki ya pili Dorkasi alisafiri siku tatu, kwenda kumtazama dada yake huko Amani. Siku hizo tatu haikurudi karatasi hata moja. Aliporudi, zikaja tisa kwa mpigo. Masuma ndiye aliyeliona. Alikaa mbele ya sinia, akakiondoa kile kipunje cha Dorkasi, na nyuzi kumi na kitu zikabaki zinaning'inia bila mwisho.

"Ukimwondoa huyu," mama yake akasema, "waliobaki wote ni visiwa."

Masuma alichukua karatasi zilizorudi, akaanza kulaza uzi mwingine, wa viumbe. Huyu kakutwa na huyu, huyu na yule. Siku nzima. Jioni akamwita mama yake amwonyeshe. Wakubwa, mijusi na masamaki ya magamba, waliosifiwa na wasomi wote waliopita, walikuwa ukingoni. Katikati, penye uzi mwingi kuliko kwingine, kilikaa kile kikamba kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hakuna mtu aliyejisumbua hata kukipa jina.

"Huyu ndiye Dorkasi wa maji yale," Masuma alisema.

Habari hiyo ilimfikia mwenyewe kabla ya kesho. Dorkasi alikuja dukani, beseni la maandazi kichwani, akauliza kwa upole ni kweli amefananishwa na kamba. Bi Batul akamweleza kwamba ni kamba wa heshima, wa miaka mingi, na kwamba bila yeye mijusi isingejuana na samaki. Dorkasi akafikiri. Akasema sawa, ila waandike kwamba ameokoka.

Karatasi zilizorudi jumla zilikuwa hamsini na moja. Kumi na mbili hazikuonekana tena, na wengi walikiri kwamba zao zimewashia jiko. Miongoni mwa hizo kumi na mbili ni ya ishirini na saba.

Sasa, kumi na moja katika zilizopotea Masuma aliweza kuziacha. Hii moja hakuweza. Mawe ya juu ya bonde yalikuwa na mijusi, ya chini yalikuwa na samaki, na jiwe la katikati ndilo lililoweza kuonyesha kama hayo yalikuwa maji mamoja au mawili. Kwa kufuata uzi tu, alikata shauri kwamba katika jiwe la ishirini na saba lazima walikuwepo watatu pamoja: mjusi, samaki na kikamba. Aliandika hivyo, wazi, kwamba karatasi imepotea na kwamba hili analikisia. Akatuma makala nje ya nchi, imeandikwa nyuma ya karatasi za mkonge, kwa kuwa nyingine hazikuwepo. Ikachapishwa mwaka uliofuata.

Miaka ikabadilika, kwa bahati ikawa upande mwema. Zikaja enzi za ruksa. Mitumba ikajaa Ngamiani, sabuni ikawa ya rangi tatu, Bi Batul akapata miwani mpya yenye fremu ya dhahabu isiyo dhahabu, na karatasi za kufungia zikaondolewa na mifuko ya nailoni iliyopeperuka mpaka juu ya minazi. Bwana Kassamali akanunua pikapu kuukuu iliyoletwa na meli. Dukani vitendawili vikaendelea.

Na barua za Masuma zikaanza kuja. Kwanza za wenzake wa visukuku, waliochora nyuzi za viumbe wa nchi zao na kukuta kila penye maji ya kale pana kidudu kimoja kidogo kinachoshikilia wote. Hao aliwatarajia. Hakumtarajia mtaalamu wa simu, aliyeandika kutoka mbali kuuliza hesabu zake, kwa sababu alitaka kujua ni kituo gani cha simu kikifa nchi nzima inanyamaza. Hakumtarajia daktari mmoja wa bara aliyekuwa akipigana na kipindupindu vijijini. Huyo, aliyesoma habari za Dorkasi ndani ya makala, alieleza kwamba siku hizi akifika kijiji kigeni haulizi kwanza mwenyekiti ni nani. Anauliza, Dorkasi wenu ni nani? Wanakijiji hucheka, kisha wanamtaja mwanamke mmoja, na dawa ya maji ikianzia kwake inafika kila mtungi. Masuma alimsomea Dorkasi barua hiyo dukani. Dorkasi alitaka isomwe tena, polepole, mbele ya wateja.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na furaha, na Bi Batul alifurahi na wenzake. Lakini kila barua ilipofunguliwa, yeye alisubiri kusikia namba moja. Na mara nyingi ilikuwepo. Mkosoaji huyu au yule aliandika kwamba kazi ni nzuri, isipokuwa mwandishi amelisoma jiwe ambalo hana. Mmoja alithubutu kutania kwamba ushahidi umeliwa kwenye mchuzi. Masuma alicheka. Mama yake alikwenda stoo akahesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Mwaka 1994 ikaja barua nene kuliko zote. Wasomi wa nchi tatu walikuwa wanakusanya kitabu kikubwa cha kazi zilizofungua njia hii ya kuchora nyuzi, za viumbe, za simu, za maradhi, na walitaka kazi ya Masuma iwe ya kwanza kabisa kitabuni. Walikuwa na sharti moja. Habari ya jiwe la ishirini na saba ithibitishwe, au itolewe. Jibu lifike mwisho wa mwezi.

Masuma alisema ataitoa. Alilisema jambo hilo huku anachovya mkate kwenye chai, kama mtu anayepunguza kitambaa. Bila la ishirini na saba makala ingesimama, ila ingekuwa na maji mawili ambayo pengine yaliungana, badala ya maji mamoja. Pengine, akasema, si neno baya. Bi Batul alimjua mwanawe. Alipokuwa mdogo, akinyimwa kitu alikisifu kile alichopewa.

Mchana ule Bi Batul aliketi nyuma ya duka akimalizia kofia ya harusi ya mtoto wa jirani. Kofia zao zina mshipi wa uzi wa dhahabu juu ya mweupe, na uzi huo ni ghali. Ukibaki kipande hakitupwi. Alikata kilichobaki, akakizungusha kidoleni kama alivyozoea, akajiuliza atakifungia nini. Ndipo mkono wake ukasimama.

Mwaka ule wa karatasi, akakumbuka, alihesabu waliouziwa. Aliwakumbuka wote, punje kwa punje. Lakini kile ambacho hakuuza hakukihesabu. Kila mteja wa siku nyingi akioza binti, Bi Batul humpa pakiti ya hiliki bure, ya pilau ya harusi, na huifunga kwa kipande cha uzi wa dhahabu ili ionekane ni ya heri. Zawadi haiingii katika kumbukumbu ya dukani. Ukiikumbuka zawadi, alikuwa akisema mama yake mzazi, umekwisha kuidai. Basi alijizoeza kuzisahau, na akazisahau vizuri mno. Sasa, akiwa amefumba macho na uzi kidoleni, alimwona Mzee Mselem wa Kigombe, mleta samaki, amesimamisha baiskeli yake mlangoni siku ya Ijumaa ya wiki ile, akisema Jumapili anamwoza Mwanasiti.

Hakumwambia Masuma. Alimwendea Bwana Kassamali aliyekuwa amelala na redio kifuani, akamwambia atoe pikapu. Bwana Kassamali akauliza wanakwenda wapi saa nane ya jua. Akajibiwa wanakwenda kudai zawadi, na asiulize zaidi kwa sababu aibu yenyewe inatosha.

Njia nzima ya Pangani Bi Batul alijiambia kwamba haipo. Miaka kumi. Nani atahifadhi karatasi ya hiliki miaka kumi? Walipopita Tongoni alikwisha kukata tamaa, na walipofika Kigombe alikuwa anafikiria namna ya kuomba samaki ili safari isionekane ya kipuuzi.

Mzee Mselem alikuwepo, amezeeka, hapandi tena baiskeli. Aliwapokea kwa nazi mbili za kunywa, akamwita binti yake kutoka nyumba ya tatu. Mwanasiti akaja na watoto wanne nyuma yake, mnene, ana macho ya kucheka, akaamkia shikamoo bibi, shikamoo babu, akaketi mkekani kungoja kujua wageni wana nini.

Bi Batul alianza mbali. Aliuliza hali, watoto, bahari, mwani ambao wanawake wa huko walikuwa wameanza kuulima. Mwisho akasema tu kwamba mwaka ule wa harusi alitoa hiliki, na kama labda, kwa bahati, ile karatasi yake.

"Ile yenye uzi wa dhahabu?" Mwanasiti akauliza. "Mbona ninayo."

Akanyanyuka. Akarudi na sanduku lake la harusi, la mti, lenye misumari ya shaba. Akatoa kanga mbili, leso ya hariri, cheti cha kliniki cha kila mtoto. Chini kabisa ilikuwepo. Hiliki ilipikwa yote siku ya pilau, alieleza, lakini aliona ni aibu kuutupa uzi mzuri vile, na karatasi ilikuwa na harufu, basi akaikunja upya akaiacha inukize nguo. Na tena ina picha ndani. Watoto wakiumwa anawaonyesha.

Bi Batul alivaa miwani. Bwana Kassamali ndiye aliyefungua. Upande mmoja wakata mkonge kumi na wanane, wote walihudhuria. Upande wa pili, kichwani, kwa mwandiko unaotetemeka, ishirini na saba.

Hakuitazama zaidi. Alitaka sana kuitazama, lakini aliona si haki yake. Aliikunja kwa mkunjo uleule wa zamani, akaishika mapajani kwa mikono miwili mpaka Tanga. Mwanasiti alikuwa amempa kwa moyo mkunjufu, kwa sharti moja tu, kwamba uzi ubaki kwake.

Masuma alikuwa mezani nyuma ya duka, kalamu mkononi, makala mbele yake, mstari mmoja umekwisha kukatwa. Mama yake akaketi ng'ambo ya meza, vumbi la njia bado limo kwenye nyusi.

"Kitendawili," akasema.

Masuma akamwangalia. Akaweka kalamu chini. "Tega."

"Niligawa nikasahau, nilisahau nikapata."

Masuma alifikiri kwa haki, hakujifanya. Alisema umri. Alisema watoto. Akasema usingizi, na baba yake mlangoni akaguna. Mwishowe akainua mikono.

"Nipe mji," mama yake akasema.

"Nakupa Kigombe." Aliutaja kwa bahati tu, kama angeutaja mwingine wowote, kwa kuwa miji iliyobaki ilikuwa michache.

"Kigombe nimekwenda. Nimepewa nazi, nimekutana na bibi harusi ana watoto wanne, nimerudi na hii."

Ilipofunguliwa, harufu ya hiliki ikajaa chumba. Masuma aliilaza mezani, akainyoosha mikunjo. Kidole chake kilikwenda polepole juu ya penseli iliyofifia. Kikamba kilikuwepo, si kimoja, kumi na tisa. Mjusi alikuwepo, amejikunja. Kidole kikazunguka karatasi yote, kikarudi, kikazunguka tena.

"Samaki hayupo," alisema.

Bi Batul akaivua miwani. Bwana Kassamali, aliyekuwa na macho mazuri kuliko wote kwa kuwa hakuwahi kuyatumia kusoma, akainama juu ya bega la bintiye na kuuliza vile vidude vitatu ndani ya tumbo la mjusi ni nini.

Masuma akasogeza taa. Akacheka kama alivyocheka zamani, mpaka machozi. Yalikuwa magamba, matatu, mazito, ya samaki yule wa maji ya chini, yamechorwa moja moja na msichana mwenye homa asiyejua anachora nini.

"Nilimweka kwenye sinia pamoja na wageni," akasema akijifuta macho. "Kumbe alikuwa kitoweo."

Maji yalikuwa mamoja basi. Ila hayakuungana kama alivyokisia, na hilo lilimfurahisha kuliko kama angepatia. Alikaa palepale akaandika jibu, akaeleza alipokisia sawa na alipokosea, na karatasi iliko, na ilivyohifadhiwa, hata hiliki aliitaja. Wasomi wa nchi tatu waliomba picha ya karatasi, wakaipata, wakaichapisha kitabuni ukurasa mzima, pande zote mbili, wakata mkonge nao wakiwemo. Chini ya picha yameandikwa majina mawili ya shukrani, Batul wa Tanga na Mwanasiti wa Kigombe. Dorkasi alipokionyeshwa kitabu aliuliza lake liko wapi. Masuma akamfungulia ukurasa wa pili, ambako jina lake limo mara kumi na nne, akazihesabu zote kwa kidole, akaridhika.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, barua ilipofungwa, Bi Batul aliishusha sinia, akapika wali, wakala watatu pamoja. Kabla ya kuonja chumvi alikumbuka kitu, akanyanyuka, akaenda dukani. Alitoa hiliki kwenye mkebe, akazifunga kwenye karatasi safi, akaizungushia pakiti hiyo kile kipande cha uzi wa dhahabu cha mchana. Bwana Kassamali akauliza ni za nani, kuna harusi gani.

Bi Batul alisema amekwisha kusahau, akaosha mikono, akaketi.